Kiti cha Mwalimu

4 Februari

Dada yangu,

Hujambo? Na huo mgongo, bado unakusumbua ukikaa sana kwenye cherehani? Sisi huku hatujambo, mimi na mwanao Kasuku. Tulifika salama, ila alitapika mara mbili njiani, na mara zote mbili alinichagua mimi.

Najua umeninunia. Siku ile stendi hukunipungia hata mkono. Ulijifanya umeinama kufunga kamba za viatu, na huku umevaa ndala. Haya, nuna, lakini usome.

Dada, huku ni kuzuri. Tuko watu arobaini, tunaishi pamoja, tunalima pamoja, tunafua kwa zamu, na hakuna anayemwambia mwenzake hiki changu. Mimi nimepewa chumba cha ushonaji. Nguo ni za wote: Jumamosi unachukua kabatini inayokutosha, mimi narekebisha zilizochanika. Tangu baba Kasuku atutoke, mimi na mtoto tulikuwa tunakula kitandani, sahani magotini, maana chumba hakikuwa na nafasi ya meza. Huku kuna meza moja tu, ndefu hadi ukikaa mwisho huku humjui aliye mwisho kule, na kila mtu ana kiti chake. Mtoto mdogo hana. Anakaa mapajani mwa mama yake na kuhesabiwa naye, hadi atimize miaka sita, ndipo seremala anamtengenezea cha kwake.

Mkubwa wetu, kama ni lazima awepo mkubwa, ni Mpishi. Hana cheo, anapika tu, lakini anajua kila mtu anapenda nini. Siku ya pili aliniwekea ukoko wa wali pembeni ya sahani, na mimi sikuwa nimemwambia mtu.

Shoga yangu Mwalimu, yule aliyenialika, alitupokea getini. Alinikumbatia hadi mbavu zikaniuma, akalia, akaniomba samahani, sijui samahani ya nini. Mkoba wake ulikuwa tayari begani. Aliondoka mchana uleule, wanasema ana shughuli mjini. Kiti chake nimepewa mimi, na kitanda chake, mto bado unanukia mafuta yake ya nywele.

Simu niliikabidhi siku ya kwanza, kwa hiyo tutaandikiana. Barua husomwa mezani kabla hazijatumwa, na zinazokuja vilevile. Hatufichani kitu, ndiyo raha yenyewe. Kwa hiyo tafadhali usiandike matusi.

Mdogo wako


15 Februari

Mdogo wangu,

Sijambo, mgongo ndiyo huohuo. Kasuku wangu hajambo? Na ninyi mnaosikiliza hapo mezani, hamjambo? Mezeni kwanza, msije mkapaliwa.

Ndiyo, nilikuwa na ndala. Nilikuwa nalia, mjinga wewe. Nimekulea tangu una miaka tisa, mama alipotuacha. Nimekufundisha kushika sindano, nimekuozesha, nimezika mume wako pamoja nawe. Ulitaka nikupungie mkono kama naaga mgeni?

Sawa, umeshaenda. Sasa nijibu. Mtu anayekualika kwake, ukifika anakuomba samahani na kuondoka siku hiyohiyo, huyo ni mwenyeji wa aina gani? Na barua yangu kusomewa watu arobaini kuna raha gani? Mimi nikikuambia tumbo linaniuma nataka tumbo liwe langu na lako.

Habari za hapa: nina sare za shule mia moja na ishirini za kumaliza. Juzi mteja kaleta sketi, nikafungua pindo kwanza kama mama alivyotuzoeza, nikakuta sindano ya fundi aliyepita, imekaa humo miaka yote inamsubiri mtu. Natumaini wewe bado unaanza na pindo. Fundi viatu wa mlango wa pili anakusalimu sana. Shati lake linakatika kifungo kilekile kila wiki, nami namshonea, na naanza kuamini anakikata mwenyewe. Usicheke.

Kitanda chako nimekipangia marobota ya vitambaa, lakini yanahamishika. Ukiona hapakufai, rudi.

Dada yako


20 Machi

Dada yangu mpendwa,

U hali gani? Sisi ni wazima na tuna furaha. Watu walicheka sana barua yako, hata Mpishi. Ametuomba tukuambie kwamba anapenda watu wachangamfu.

Kasuku sasa analala nyumba ya watoto. Ni vizuri, wanazoeana. Namwona wakati wa kula. Mezani watoto hawaongei, na ameizoea hiyo tabia mpaka hata nje ya meza haongei sana. Najua utashangaa, yule aliyekuwa akisimulia ndoto zake hadi chai inapoa.

Nikusimulie jambo uone jinsi tunavyopendana. Huku hakuna anayefungiwa, geti halina hata kufuli. Ila tuna desturi moja: kiti kikiwa kitupu, hakuna anayekula. Mwezi huu fundi bomba alisema amechoka, anataka kwenda kwao. Mpishi akamwambia nenda salama, akamfungia na chakula cha njiani. Tukakaa mezani. Chakula kikaletwa, kikapoa. Kikaondolewa. Asubuhi tukakaa tena. Watoto mapajani, sahani mbele yao, hakuna aliyegusa. Siku ya pili saa nane mchana fundi bomba alirudi mwenyewe, viatu vimejaa vumbi, maana alikuwa amekaa nje ya geti muda wote akitutazama dirishani. Mkewe na wanawe walikuwa mezani na sisi. Alikaa, tukala. Hakuna aliyemgombeza.

Kasuku hakulia hata kidogo siku zile mbili. Aliitazama sahani tu. Mpishi alimsifu mbele ya wote.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu leo ni fupi. Uko salama? Mtoto yuko salama? Wanaosikiliza wasikilize, mimi simwogopi mtu mwenye mwiko.

Nimeisoma barua yako mara nne. Umemwacha mtoto wa miaka mitano akae siku mbili bila kula, ukaniandikia kama unanisimulia arusi! Nimeenda kituo cha polisi. Askari akauliza, wamefungiwa? Nikasema geti halina kufuli. Akauliza, mdogo wako analalamika? Nikampa barua. Akasoma kwa sauti, "tuna furaha." Akanirudishia, akaniambia mama, nenda nyumbani ukapumzike.

Sasa sikia. Jumanne aliingia dukani mwanamke na sketi ya kupunguzwa. Nikiwa namchukua vipimo akaona picha yako ukutani, ile ya siku uliyohitimu ushonaji. Mwili wake wote ukakakamaa mikononi mwangu. Akaniuliza, "Anakula?" Hakuuliza hajambo, kauliza anakula. Ndipo nikamtambua, ni yule Mwalimu wako. Nikamshika mkono, nikamwambia hutoki hapa mpaka uniambie. Akasema, "Nilikaa miaka minne. Anayetaka kuondoka lazima alete wa kukaa." Akajinasua akakimbia. Sketi yake ninayo mpaka leo.

Umesikia? Alikuleta ukae kwenye kiti chake. Mbebe mtoto uondoke leo.

Dada yako


11 Mei

Dada yangu mpendwa,

Hujambo? Sisi ni wazima na tuna furaha. Barua yako ilisomwa nusu. Mpishi alisema nusu ya pili ina mwandiko mbaya.

Nakuandikia kwa shauku kubwa. Njoo, dada. Chumba cha ushonaji kina cherehani mbili na dirisha kubwa linaloingiza mwanga upande wa kushoto, kama unavyopenda. Hutakaa peke yako tena na marobota. Utakula na watu. Mpishi anauliza unapenda kula nini, ili siku utakayofika ukute ameshajiandaa.

Kasuku anatimiza miaka sita tarehe tisa mwezi wa saba. Seremala ameshaanza kiti chake. Ni heshima kubwa: kikishakuwa cha kwake ni cha kwake daima. Ingependeza ufike kabla ya siku hiyo.

Nakutumia gauni lake. Amerefuka, linahitaji kushushwa pindo, na mimi nimeshindwa. Wewe una mkono mzuri kuliko mimi.

Mdogo wako


(Kwenye kipande cha bitana, kwa kalamu ya wino, ndani ya pindo la gauni)

Dada, usije. Wamenipa karatasi ya kukualika, nimekataa mara mbili. Leo Mpishi amekaa kiti cha pembeni yangu akiwa anamenya viazi na akaniambia niandike. Ukifika mimi natoka na Kasuku, wewe unabaki kwenye kiti. Akishapewa kiti chake, hata mimi nikipata wa kukaa changu, yeye hatatoka, mpaka naye apatiwe mtu. Hasemi tena, dada. Namnong'oneza ananitazama mdomo tu. Nimekaa na karatasi hii wiki mbili, nisikufiche, kuna siku nilitaka uje. Usije hata ukisikia nalia. Sina mtu mwingine ila wewe. Choma hii.


25 Mei

Mdogo wangu,

Hamjambo wote hapo mezani? Mimi ni mzima, hata mgongo leo umeniheshimu.

Barua yako imenifurahisha. Kweli nimechoka kula peke yangu. Nakuja. Mwambie Mpishi napenda maharage, chumvi kidogo, na asinikaushie mchuzi.

Gauni la mtoto nimelifanyia kazi. Pindo nimelifungua lote, uzi mmoja mmoja, nikaona ulivyofanya humo ndani. Umefanya vizuri, wala hujasahau niliyokufundisha. Lakini mimi ndiye fundi na wewe ndiye mwanafunzi, kwa hiyo nimeamua nionavyo mimi. Usibishane na mimi mbele za watu.

Ufunguo wa duka nimemwachia fundi viatu. Nimemwambia nakwenda kumwona mdogo wangu. Aliniletea viatu vyangu vya kahawia, amevitia soli mpya bila kuombwa. Nitafika Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwa basi la asubuhi. Mweke Kasuku tayari, mvishe viatu.

Dada yako


10 Julai

Dada yangu,

U mzima? Unalala? Mgongo je, wakati wa kulima wanakuruhusu kupumzika?

Sisi tumefika na tuko dukani kwako. Jana Kasuku alitimiza miaka sita, akakalia stuli yako ya kupigia pasi. Siku kumi za kwanza hakutamka neno. Kisha fundi viatu alipokuwa akigonga msumari alijigonga kidole, akaruka na mguu mmoja, na Kasuku akacheka. Baadaye akasema, "Tena." Nilikaa chini sakafuni nikalia.

Pale getini uliponikumbatia mbavu ziliniuma. Wewe hukuniomba samahani. Uliniambia nirekebishe zipu za wateja kabla hawajaanza kupiga kelele, ukaingia ndani ukiuliza kwa sauti nani kaacha maharage yaungue. Kila siku nasikia sauti yako ikiuliza.

Nakutumia sweta, baridi imeingia. Pindo nimelikaza mwenyewe.

Mdogo wako


(Ndani ya pindo la sweta)

Nimekwenda polisi na mtoto. Wanasema ulitia saini kuingia, wewe ni mtu mzima mwenye akili zako. Mwalimu amehama, jirani zake hawajui alikoelekea. Sitanyamaza. Nitakutoa.


3 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo, na binti yangu aliyeanza kucheka hajambo? Mimi ni mzima. Watu wa hapa wana nguo zilizochanika kuliko wimbo wa mlevi, na nimewaambia hivyo. Fundi bomba ndiye pekee aliyecheka. Maharage yanapikwa vizuri, siwezi kusingizia.

Nakurudishia sweta, linanibana kwapani. Lirekebishe.

Dada yako


(Ndani ya pindo la sweta)

Usinitoe. Wa kunitoa lazima aweke mwingine, na huyo mwingine atamtafuta mwingine. Nimekuja ili kiti hiki kiishie kwangu. Kila Jumapili Mpishi ananiletea karatasi, kila Jumapili namrudishia nyeupe. Hanigombezi. Anasimama, anazunguka meza, anaondoa sahani za watoto, moja moja, polepole, akiniangalia mimi. Jumapili iliyopita kuna kadogo kalinishika mkono mezani kakauliza, "Bibi, huandiki?" Mimi ni jeuri, unanijua. Lakini sikujua watatumia watoto, na hapo sijui nitaweza mpaka lini. Mwambie fundi viatu soli zimedumu.


19 Oktoba

Mdogo wangu mpendwa,

U hali gani? Sisi ni wazima na tuna furaha.

Nakuandikia kwa shauku kubwa. Njoo na mtoto. Chumba cha ushonaji kina cherehani mbili na dirisha kubwa linaloingiza mwanga upande wa kushoto. Seremala ametengeneza viti viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi. Vimewekwa karibu na changu. Vimekaa vitupu tangu Jumatatu.

Mpishi anauliza Kasuku siku hizi anapenda kula nini.

Namtumia gauni, nimelishona mwenyewe.

Dada yako


2 Novemba

Dada yangu,

Hujambo? Mgongo je? Sisi hatujambo. Barua hii Mpishi anaweza kuisoma yote, hakuna sehemu yenye mwandiko mbaya.

Gauni limefika. Nilifungua pindo kabla sijaifungua barua. Nikafungua mishono ya ubavuni, nikafungua kola, nikafungua mikono, hadi likarudi kuwa vipande mezani. Hakukuwa na kitu. Mshono ni wako, dada, ningeujua hata gizani. Hakuna neno hata moja la utani humo, wala kwenye barua. Siku nzima nilikuwa natafuta utani mmoja tu.

Nilikosea nikaisoma barua yako kwa sauti, nikidhani Kasuku amelala. Alisikia ile ya viti vitupu tangu Jumatatu. Mchana nikapakua, akakaa mbele ya sahani, mikono magotini. Nikamwambia kula. Akatazama kiti chako cha kazini, kile chenye mto wa mabaki. Nikaelewa. Nikahama, nikakaa mimi kwenye kiti chako. Akageuza shingo akatazama nilipotoka. Hakula mchana ule, hakula asubuhi iliyofuata. Nilimbembeleza, nikamchapa, nikamwomba radhi. Alitazama sahani tu, kama walivyomsifu.

Siku ya pili saa nane fundi viatu akaingia, kifungo mkononi. Siku hizi anavileta kwangu. Kasuku akamvuta suruali, akamwonyesha kiti chako. Naye bila kujua akakaa, akasema haya mama, nimeshakaa, kuna nini? Kasuku akashika kijiko. Akala sahani nzima, akaomba tena.

Nilisimama pale nikiwatazama. Fundi viatu akacheka, akasema mtoto huyu ananipenda. Kisha akauliza kama ulimtaja kwenye barua. Nikamwambia ulisema soli zimedumu. Uso wake ukang'aa wote. Akauliza huko mliko watu wanaruhusiwa kuja kusalimia, na kama kuna viatu vya kutengeneza angebeba na vifaa. Ana miaka hamsini na sita, hana mke, hana mtoto, na ametuletea mkate kila siku tangu tufike.

Nilikuwa na la kumjibu. Lilikuwa mdomoni kabisa. Kasuku akaweka kijiko chini akanitazama.

Nimemwambia unamngoja.

Anakuja Jumamosi, kwa basi la asubuhi. Amenunua shati jipya, vifungo vyote vipo. Mwambieni Mpishi anapenda viazi vya kuchemsha na chai isiyo na sukari. Seremala avunje vile viti viwili, hatuvihitaji. Wewe uwe getini na mkoba wako begani. Mkumbatie, dada. Mimi nilishindwa.

Marobota nimeyahamisha, kitanda chako kiko tayari. Nimempa fundi viatu sweta lako akuletee uvae njiani. Usihangaike kufungua pindo. Sikuweka kitu.

Mdogo wako